Barua ya Wazi: Ipimeni Betri Kabla Gari la Umeme Halijauzwa Kwetu

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Nishati, Viwanda na Biashara, Uchukuzi, na Fedha. Pamoja na wakuu wa Shirika la Viwango (TBS), mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji (EWURA) na mamlaka ya usafiri wa ardhini (LATRA).

Yah: Ombi la kupimwa kwa betri za magari ya umeme yaliyotumika kabla hayajaingia sokoni

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni karani wa hesabu, mkazi wa Chanika jijini Dar es Salaam, na ofisi ninayofanyia kazi ipo Posta. Tangu Juni 2024 naendesha gari la umeme, Nissan Leaf la mwaka 2014 lililotumika Japani kabla ya kufika hapa, ambalo nililinunua kwa akiba ya miaka kadhaa pamoja na mkopo wa SACCOS. Nawaandikia nikiwa mtu anayelipenda gari lake na anayeamini kwamba magari ya aina hii yanaweza kumpunguzia mwananchi wa kawaida mzigo mkubwa wa maisha. Kwa sababu hiyo hiyo nimeona si haki kunyamaza kuhusu jambo moja linaloweza kuwakatisha watu tamaa kabla hawajaonja faida yake, nalo ni kwamba tunauziwa magari haya bila mtu yeyote kutuambia betri zake zina hali gani.

Naomba nianze na faida, ili ombi langu lisichukuliwe kuwa malalamiko ya mtu aliyejuta. Safari yangu ya kila siku, kwenda na kurudi, ni karibu kilomita 65. Zamani nilikuwa na Toyota IST, ambalo kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere lilikuwa likinipa takribani kilomita 12 kwa lita. Tukichukua petroli ya shilingi 2,900 kwa lita, safari hiyo ilinigharimu shilingi 15,700 hivi kwa siku. Sipendi hata kukumbuka Agosti 2022, pale bei ya lita moja jijini ilipopita shilingi 3,400 na sisi tusio na usafiri wa ofisi tukaanza kuyaacha magari nyumbani siku mbili kwa wiki. Sasa safari ile ile inatumia yuniti 11 nikizihesabu kwenye mita ya LUKU, pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, ambayo ni shilingi 292 kwa yuniti na hufika 356 ukijumlisha VAT, tozo ya umeme vijijini (REA) na tozo ya EWURA, nalipa shilingi 3,900 hivi kwa siku. Kwa siku 22 za kazi tofauti yake inakaribia shilingi 260,000 kwa mwezi, na hapo sijahesabu oili ya injini, plagi wala mikanda ya injini, vitu ambavyo gari hili halina haja navyo.

Kwa mwenye mshahara kama wangu, hiyo ni ada ya mtoto. Wala sioni kwamba nchi itashindwa kutupatia umeme huo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, limeibadilisha hali tuliyokuwa nayo wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023. Mwezi Machi 2024, mtambo wa kwanza ukiwa ndiyo kwanza umeanza kazi, tulitangaziwa kwamba vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa muda kwa sababu uzalishaji ulizidi mahitaji. Nilipoisikia habari hiyo nilijiambia kwamba nchi inayozima mitambo yake kwa kukosa wanunuzi wa umeme, huku ikiagiza kila lita ya petroli kwa fedha za kigeni, ina kila sababu ya kutaka magari yachajiwe usiku.

Sasa nije kwenye kilichonipata.

Yadi niliyonunulia gari siitaji, maana nia yangu si kumshitaki mtu gazetini. Itoshe kusema kwamba niliwasha gari, nikaonyeshwa dashibodi yenye maandishi ya Kijapani, na muuzaji akaniwekea kidole kwenye mistari mifupi 12 iliyopangwa pembeni mwa geji ya chaji. Aliniambia kwamba mistari hiyo ndiyo afya ya betri, na kwa kuwa yote 12 ipo, betri ni kama mpya na gari litakwenda kilomita 140 kwa chaji moja. Maana ya mistari alinieleza sawasawa. Katika gari hili mstari wa kwanza hupotea betri inapokuwa imepoteza takribani asilimia 15 ya uwezo wake, na kila unaofuata hupotea baada ya asilimia sita na kitu. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba kompyuta inayosimamia betri inaweza kufutwa kumbukumbu yake kwa kifaa maalumu, ikajiona upya kama iliyotoka kiwandani, na mistari yote 12 ikawaka kwa wiki kadhaa hadi kompyuta ijifunze tena ukweli.

Wiki ya tatu nilitoka kazini jioni mvua inanyesha, nikapitia Tabata kwenye msiba, kisha nikashika njia ya nyumbani nikiwa nimewasha kiyoyozi ili kioo cha mbele kisiweke ukungu. Geji ilinionyesha kilomita 48 zilizobaki, nami nilihitaji chini ya 30. Kufika Ukonga ikasoma 25. Kabla sijamaliza Gongo la Mboto ikaacha kusoma kilomita, ikaweka vistari tu, na muda mfupi baadaye ikawaka taa ya njano yenye picha ya kobe. Wenye magari haya wanaijua taa hiyo. Gari halizimiki papo hapo, bali linakunyang'anya nguvu, ukikanyaga pedeli linatambaa, na nyuma yako daladala na bodaboda wanapiga honi kwa sababu hawaelewi kwa nini gari zima linatembea kama linasukumwa.

Nilisogea pembeni mbele ya kibanda cha kinyozi. Kijana yule alinikaribisha, akazima mashine yake ya kunyolea na feni, akaniachia soketi yake moja. Waya wangu wa kuchajia ulikuja na gari kutoka Japani, nao umetengenezwa kwa ampea 15. Fundi wa yadi alikuwa ameikata plagi yake ya asili akafunga ya kwetu ya pini tatu, ambayo mwisho wake ni ampea 13. Baada ya dakika 40 kinyozi aliigusa plagi, akarudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto, na plastiki ya soketi ilianza kugeuka rangi kuwa ya kahawia kuzunguka tundu moja. Tuliichomoa, tukangoja ipoe, tukaendelea. Saa moja na nusu baadaye nilikuwa nimepata umeme wa kunifikisha Chanika. Nilimlipa umeme wake na kesho yake nikampelekea soketi mpya, lakini mpaka leo nikipita pale nafikiria kile kibanda cha mbao na ule moshi ambao tulikuwa tumebakiza kidogo tuuone.

Wiki iliyofuata mistari ilianza kupungua, na kabla mwezi haujaisha ikawa minane. Fundi mmoja mwenye uzoefu alichomeka kifaa kidogo cha kutosha kiganjani chini ya usukani wangu, akafungua programu kwenye simu yake, na katika dakika zisizofika kumi akanionyesha namba: asilimia 64. Betri ya gari langu ilipokuwa mpya ilikuwa na ukubwa wa yuniti 24, ambazo mwenye gari huweza kuzitumia 21 au 22 hivi. Mimi nimebakiwa na 14. Kwa uendeshaji wa utulivu ni kilomita 90, na kwa mvua, kiyoyozi na foleni ni pungufu ya hapo.

Waheshimiwa, naomba hapa mnielewe vizuri, kwa kuwa ndicho kiini cha barua hii. Gari hilo hilo lenye asilimia 64 linanifaa. Tangu niijue hali yake halijanilaza njiani tena hata mara moja, kwa sababu najua mwisho wake na ninapanga safari zangu ndani ya mwisho huo. Kilichoniumiza ni kununua asilimia 64 kwa bei ya asilimia 100, na kuingia barabarani usiku nikiwa na namba ya uongo. Gari la petroli lililochoka utalisikia, litatoa moshi, litatetemeka, na fundi wa mtaani ataufungua mfuniko na kukuambia. Betri iliyochoka haitoi sauti wala harufu, na gari lake huondoka yadini kimya na kwa wepesi ule ule wa gari zima.

Tena tukumbuke kwamba betri ndiyo sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe. Mota ya umeme ina vitu vichache vya kuharibika. Betri ya gari kama langu ina moduli 48, yaani vifurushi vidogo, zenye jumla ya seli 192, ina uzito wa karibu kilo 300, na huzeeka kwa sababu tatu ambazo zote zinatuhusu: miaka, idadi ya chaji, na joto. Hili la joto nalisisitiza kwa sababu tunaishi Dar es Salaam. Nissan Leaf haina mfumo wa kuipoza betri kwa maji kama magari mengi ya sasa, bali hutegemea hewa inayopita chini ya gari. Huko Arizona, jimbo la Marekani lenye jua kali, madereva waliyaona madhara yake mapema, ndani ya miaka miwili tu tangu gari hilo liingie sokoni mwishoni mwa 2010. Malalamiko yao yalimfanya mtengenezaji atoe dhamana ya uwezo wa betri, kwamba ikishuka chini ya mistari tisa kabla ya miaka mitano au kilomita 96,000, ataitengeneza au kuibadilisha. Katika makaratasi niliyopewa mimi yadini hakukuwa na dhamana ya namna hiyo wala inayofanana nayo.

Kuna betri za aina nyingine, zinazotumia madini ya chuma na fosfati mahali pa nikeli na kobalti, ambazo Wachina wamezifanya za kawaida katika magari, bajaji na pikipiki zao. Hizo hubeba umeme mchache zaidi kwa kila kilo, lakini huvumilia joto na chaji nyingi kuliko hizi za zamani. Mnunuzi wa kawaida angepaswa kuambiwa anachukua aina ipi. Kwa sasa anachoambiwa ni rangi ya gari, mwaka wake, na kilomita zilizosomwa kwenye geji, na hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachomweleza kama atafika nyumbani.

Ombi langu kuu, basi, ni hili. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tayari lina jukumu la kukagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini, lipewe maelekezo na vifaa vya kupima betri ya kila gari la umeme, na matokeo yake yaandikwe kwa namba kwenye cheti cha ukaguzi ambacho muuzaji atalazimika kumwonyesha mnunuzi kabla ya kupokea fedha. Kipimo hicho kisiishie kusoma kompyuta ya gari, kwa kuwa nimeeleza jinsi kompyuta hiyo inavyoweza kulaghaiwa. Kipimo cha uhakika ni cha kizamani na kinaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kununua LUKU: betri ishushwe hadi chini, gari lichomekwe kwenye chaja yenye mita, na zihesabiwe yuniti zinazoingia hadi ijae. Betri ya yuniti 24 inayopokea 15 tu haiwezi kujitetea. Kwa chaja ya kawaida kazi hiyo inachukua usiku mmoja, na gari lililokaa bandarini na yadini kwa majuma halitachelewa kwa sababu ya usiku mmoja.

Kiwango cha kulinganishia nacho hakihitaji kutungwa upya. Umoja wa Mataifa, kupitia chombo chake cha kanuni za magari, ulipitisha mwaka 2022 kanuni inayotaka betri ya gari dogo la umeme ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake katika miaka mitano au kilomita 100,000, na asilimia 70 katika miaka minane au kilomita 160,000. Umoja wa Ulaya nao umeamua kwamba kuanzia Februari 2027 kila betri ya gari inayouzwa huko iwe na pasi yake ya kidijitali inayoeleza ilivyotengenezwa na hali yake. Magari hayo ya Ulaya yatakapozeeka yatatufikia sisi, na ingekuwa ajabu yafike na pasi zake halafu pasiwe na ofisa hapa mwenye maelekezo ya kuzisoma.

Siombi magari yenye betri iliyochoka yapigwe marufuku. Naliweka wazi hili kwa sababu nimeona mara nyingi jinsi ombi la kupimwa kitu linavyogeuka kuwa katazo, na katazo likaishia kumwondoa sokoni mtu mwenye uwezo mdogo. Mama anayepeleka mboga kutoka Mbezi hadi Soko la Mahakama ya Ndizi, au mwalimu anayekwenda kilomita nane kila asubuhi, gari la asilimia 60 linamtosha kabisa iwapo atauziwa kwa bei ya asilimia 60. Namba ikishaandikwa kwenye cheti, soko lenyewe litapanga bei.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha nina neno linalofuatana na hilo. Utaratibu wetu wa ushuru huliongezea mzigo gari lililotumika likishavuka miaka minane, na zaidi likivuka kumi. Kwa injini naelewa mantiki yake. Kwa betri, umri pekee ni kipimo cha kubahatisha, maana gari la mwaka 2013 lililokaa kwenye baridi ya kaskazini ya Japani na kuchajiwa polepole nyumbani linaweza kuwa na betri nzuri kuliko la mwaka 2016 lililofanya biashara na kuchajiwa kwa chaja za haraka kila siku. Ushuru ukizingatia cheti cha betri, mwagizaji atakuwa na sababu ya kutafuta betri nzuri huko mnadani kabla ya kulipa meli. Sioni njia nyingine itakayomsukuma kwa nguvu kama hiyo. Najua pia kwamba sisi wa magari ya umeme hatuchangii Mfuko wa Barabara kama anayenunua petroli, na ipo siku mtatudai. Mtakapotudai nitalipa, ila naomba tozo hiyo ingoje hadi magari haya yawe mengi, isije ikaua mche kabla haujashika mizizi.

Kuhusu umeme wenyewe nitasema mambo mawili. La kwanza ni bei ya usiku. Gari kama langu linakula yuniti 240 hivi kwa mwezi, kiasi kinachoitoa mara moja familia yoyote iliyokuwa katika daraja la wateja wadogo, wanaonunua yuniti zisizozidi 75 kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo. Familia hiyo ikinunua gari la umeme, hata taa na jokofu lake vitaanza kulipiwa bei ya juu. Kenya waliweka mwaka 2023 bei maalumu ya kuchajia vyombo vya usafiri, shilingi 16 za kwao kwa yuniti saa za matumizi makubwa na nusu yake, shilingi 8, saa ambazo watu wamelala. EWURA ingeweza kutuwekea mita ya pili ya gari, yenye bei ya chini kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Magari 10,000 yakichajiwa kwa pamoja kwa kiwango cha gari langu yanahitaji megawati 33, kiasi ambacho Rufiji hata haitakihisi. Pa kuangalia ni transfoma za mitaani, ambazo saa mbili usiku huwa tayari zimelemewa na pasi, majiko na majokofu, na bei ya usiku ndiyo itakayotufanya tungoje mzigo huo upungue.

La pili ni soketi. Tulishaona kwenye magari ya gesi kilichotokea: watu walifunga mitungi kwa wingi kabla vituo havijatosha, na dereva wa teksi akawa analala kwenye foleni ya gesi saa ambazo angekuwa anatafuta riziki. Kwa umeme tunaweza kuepuka hilo bila gharama kubwa, kwa sababu gari la mfanyakazi hukaa limesimama kwa muda wa saa nane kutwa. Soketi ya kawaida yenye waya mnene, ethi ya kweli na mita ya kulipia kabla, ikiwekwa kwenye maegesho ya ofisi za umma na masoko, inamrudishia mtu kilomita zaidi ya 100 akiwa kazini. Chaja za haraka ziwekwe Chalinze na Morogoro, kwenye njia kuu, na kabla hazijaagizwa TBS itangaze aina za plagi zinazokubalika nchini. Magari ya Japani yana tundu lake, ya China yana lake, ya Ulaya lake, na kituo kilichojengwa kwa tundu moja tu bila mpango kitakuwa mapambo kwa theluthi mbili ya wanaokipita. Sambamba na hilo, ufungaji wa plagi za pini tatu kwenye nyaya za ampea 15 upigwe marufuku. Hapo ndipo pekee ninapoomba katazo, na ninaomba kwa sababu ya kile kibanda cha kinyozi.

Limebaki suala la mafundi. Betri ya gari hili ikijaa ina volti karibu 400 za mkondo mnyoofu, zinazoua mtu kwa mguso mmoja, na vijana wetu wanaifungua kwa spana za kawaida bila glovu za umeme. Nimemwona mmoja akifanya hivyo akiwa amevaa ndala. VETA ianzishe mafunzo mafupi kwa mafundi umeme wa magari waliopo tayari mitaani, wafundishwe kuzima mfumo, kutambua nyaya za rangi ya machungwa zinazobeba umeme huo, na kubadilisha moduli iliyokufa badala ya kutupa betri nzima. Betri iliyoshindwa kazi ya gari bado ina miaka ya kuhifadhi umeme wa jua kwenye zahanati au duka la kijijini, iwapo kutakuwa na fundi anayejua kuipanga upya na utaratibu wa baraza la mazingira (NEMC) wa kuipokea itakapokufa kabisa. Tuna kinywe (grafiti) Mahenge na nikeli Kabanga, malighafi ambazo dunia inazitafuta kwa ajili ya betri hizi hizi. Nchi yenye madini hayo ardhini inastahili kuwa na mafundi wanaojua yanavyofanya kazi.

Najua mnasukumwa kutoka pande nyingi mfanye maamuzi makubwa ya haraka. Ethiopia ilizuia magari ya petroli na dizeli kuingia nchini mwake mapema 2024, na Rwanda tangu Januari 2025 imeacha kusajili pikipiki mpya za petroli za abiria jijini Kigali. Huenda nasi tutafika huko. Kabla ya hapo naomba hatua ndogo, ya cheti cha ukurasa mmoja chenye namba moja inayosomeka, kwa kuwa mtu mmoja akidanganywa kuhusu betri huwaeleza majirani 20 kwamba magari ya umeme hayafai, na majirani hao wataendelea kununua petroli kwa miaka kumi mingine kwa sababu ya mtu aliyefuta kumbukumbu ya kompyuta kwa dakika tano.

Kama wataalamu wa TBS watahitaji gari la kujifunzia kipimo hicho, la kwangu lipo. Lina mistari minane, hesabu ya yuniti zake naiandika kila jioni kwenye daftari tangu Julai 2024, na nitalileta mwenyewe siku yoyote mtakayonipangia, mradi iwe ndani ya kilomita 40 kutoka Chanika au pawe na soketi ya kurudia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Dereva wa gari la umeme,
Chanika, Dar es Salaam